Mke Asiyetoa Chozi

Uani kwa marehemu Bi Fatu wanawake walikuwa wakikata vitunguu vya hitma ya arobaini, na hakuna aliyesalimika. Vilikuwa vile vidogo vyekundu, vikali, ambavyo Hajra, binti wa marehemu, huvichagua mwenyewe kwa kuwa, asemavyo, pilau ya kitunguu kipole ni wali wa mgonjwa. Huyu anafuta pua kwa pindo la kanga, yule kageukia ukutani, mwingine anacheka na kulia kwa pamoja. Nadhira, mke wa mdogo wake Hajra, alikaa katikati yao na sinia mapajani. Kisu kinakwenda, vitunguu vinaanguka vyembamba inavyotakiwa, na macho yake makavu kama ya samaki ng'onda.

"Mwanangu," Bi Esha jirani alimuuliza huku akijipangusa, "wewe ulizaliwa na macho ya bati?"

Wanawake wakacheka. Nadhira naye akatabasamu kwa adabu. "Siyasikii makali yake, bibi," alisema, akachukua kitunguu kingine.

Hajra aliyasikia hayo kutoka jikoni, alikosimama juu ya sufuria. Dunda nzima, hapa Bagamoyo, hakuna shughuli inayopikwa bila yeye, na mtu aliyezoea kuamuru chumvi iingie lini huzoea pia kuamua nani mwema na nani si mwema. Akaikumbuka siku ya maziko. Jeneza la mama yao lilipotolewa mlangoni, nyumba nzima ililia mpaka paka akakimbia. Nadhira, ambaye marehemu alimpenda kuliko watoto wa kuwazaa, alisimama pale kakunja uso kama aliyenusa kitu kibovu, na chozi halikumtoka hata moja. Sura ile Hajra aliiweka moyoni kama mtu awekavyo deni.

Jua lilipopanda na moshi ukazidi, mtu akaleta feni ya kusimama, akaiwasha. Upepo wake ulipomfikia tu, Nadhira alitupa kisu, akafunika macho kwa viganja, akaguna mguno ambao ungemtoka mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto. Akainuka akipapasa, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Sinia lilibaki limepinduka.

"Mnaona?" Hajra alisema, mwiko mkononi. "Kitunguu hakimuumizi, feni inamuumiza! Mama kazikwa, hakumliza. Upepo unamliza! Yule hana macho mabovu, jamani. Ana moyo mbovu."

Wengine waliitikia, wengine wakainamia vitunguu vyao. Bi Esha alisema taratibu kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini aliyasema kwa sauti ndogo, maana pilau ilikuwa bado kwenye mikono ya Hajra.

*

Wageni walipokwisha kuondoka, Hajra alimkalisha mdogo wake sebuleni. Mbaruku huuza barafu pale soko la samaki. Ni mtu wa maneno machache, na tangu utotoni yale machache aliyonayo huazima kwa dada yake.

"Kofia hashoni tena," Hajra alianza. "Alikuwa anashona kofia za viua watu wanatoka Zanzibar kuzifuata. Sasa sindano haishiki. Dirisha kalitundikia mapazia mawili, mchana kutwa yumo gizani kama popo. Ukimuuliza, macho. Si mlikwenda kliniki? Walisemaje?"

"Walimtia rangi jichoni, wakammulika. Wakasema macho mazima, makavu kidogo tu. Wakampa dawa ya matone."

"Macho mazima. Umeyasema mwenyewe."

Mbaruku alizisugua kucha zake, zilizokwisha kupauka kwa maji ya barafu. "Lakini anaumwa, dada. Namsikia."

"Kuguna hata mimi najua kuguna. Huyu hakutaki, baba. Hakuutaka msiba wa mama yako, hautaki ukoo wetu. Mrudishe kwao Pangani kwa heri, kila mtu apumue."

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Nadhira alitoka na miwani ya jua usoni, mtandio kaushusha mpaka nyusi. Alikuwa ameyasikia yote, kuta zenyewe ni za kusikizana. Hakuyagusa.

"Yule daktari wa macho wa kliniki kanipigia simu," alisema. "Anasema Dar kuna hospitali imeletewa mashine ya utafiti. Inapiga picha ndani ya jicho, mle mle wasikoweza kuona kwa tochi. Wanawataka watu kama mimi, wanaoambiwa wazima na wanaumia. Hawatozi kitu. Naomba ruhusa niende."

Mbaruku alimtazama dada yake, dada akamtazama yeye. "Basi tuandikiane hapa hapa kwa mdomo," Mbaruku alisema, na ilikuwa wazi maneno ni ya nani. "Dada atakwenda na wewe. Mashine ikisema unaumwa, nitakutibu kwa uwezo wangu wote. Ikisema huna kitu, utakwenda kwenu Pangani. Sitaki ugomvi, nataka kujua."

"Sawa," alisema Nadhira.

Hajra aliikubali safari kwa moyo mkunjufu. Alikuwa hajakwenda Dar siku nyingi, tena safari hii alikuwa na kazi ya kumshika mwongo mahali ambapo hakuna kitanda cha kukimbilia.

*

Chumba chenyewe hakikuwa na la kutisha: viti, kompyuta, na mashine yenye mahali pa kuegemeza kidevu. Daktari alikuwa binti mwembamba wa hijabu ya kijivu, Daktari Lulu, mtoto wa juzi kwa macho ya Hajra.

"Shikamooni. Mgonjwa ni nani?"

"Marahaba. Mgonjwa ndiye huyu, lakini mimi ndiye wa kukueleza, maana yeye..."

"Samahani, mama. Naomba nimsikie mwenyewe."

Hajra akafunga mdomo. Haikuwa desturi yake, na midomo ilimwasha. Nadhira akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kukatizwa. Kwamba akiamka ni kama kuna mchanga wa kikaangoni chini ya kope. Kwamba mwanga wa dirisha unamchoma, na upepo wa mtu anayepita tu unamchoma. Kwamba ameacha kushona kwa kuwa kila akikazia macho tundu la sindano, maumivu hushuka mpaka kwenye meno. Hajra aliishi naye nyumba moja na hakupata kuyasikia haya yakipangwa namna hiyo, moja baada ya jingine. Hakupata kuuliza.

"Na kuna jambo la ajabu," Nadhira alimalizia, kwa haya. "Kitunguu hakinifanyi kitu."

Daktari aliinua kichwa. "Rudia hapo. Kitunguu?"

"Nakata ndoo nzima. Wenzangu wanalia, mimi sisikii."

Hajra alikaa sawa. Hapo ndipo alipokuwa akipangojea, hapo ndipo uongo ungedakwa. Lakini daktari hakucheka wala hakukunja uso. Alisokota pamba ikawa uzi mwembamba, akamwambia Nadhira atazame pembeni, akakigusa kioo cha jicho lake kwa ncha ile. Kope hazikutikisika. Akagusa tena, chini, juu, kushoto. Nadhira alitulia kama anayechanwa nywele.

"Subhanallah," Hajra alijikuta akisema. "Mimi ungenigusa hivyo ningepasua dari."

"Ndivyo inavyotakiwa iwe, mama."

Mzani wa sokoni hujaribiwa kwa kitu ambacho uzito wake unaujua, na Hajra hakuwa mtu wa kuacha mzani bila kuujaribu. "Basi nipime mimi kwanza," alisema. "Nione kama mashine yenu haiwaambii watu wote wagonjwa."

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza. "Karibu. Jicho zima lenyewe nalihitaji, nimwonyeshe tofauti."

Walimtia tone la ganzi, wakamwegemeza kidevu. Kitu chenye ute wa baridi kikasogea mpaka kikaligusa jicho lake, naye hakukisikia, aliona mwanga tu. Aliambiwa asitikisike, na kwa heshima ya ukoo hakutikisika. Ilipokwisha, daktari aligeuza kompyuta upande wake.

Kwanza Hajra aliona sega, vyumba vidogo vidogo visivyo na idadi, vimebanana bila kuachiana nafasi. Daktari akabonyeza, wakashuka ndani zaidi, na sega likapotea. Pakawa na weusi, na katika weusi ule nyuzi nyeupe. Ndefu, nyembamba, zote zimeelekea upande mmoja, na baina yao vijiuzi vingine vyembamba zaidi vikiziunga hii na hii. Hakuna mkono wa binadamu ungeweza kuzitandika namna ile.

"Hii nini?"

"Wewe, mama. Hiki ni kioo cha mbele cha jicho lako, tunakiita konea. Ukikitazama kwa kawaida ni kama maji, hakina kitu. Hizi nyuzi ni neva, ndizo zinazosikia. Na eneo lote hili unaloliona hapa haliufikii upana wa punje ya mtama."

Hajra aliinamia kompyuta. Amekwisha kupasua ng'ombe wa harusi na wa misiba, anajua ini linakaa wapi na nyongo inatolewaje isipasuke, na siku zote alidhani ndani ya kiumbe ni damu na mafuta tu. Daktari akashuka tena. Nyuzi zikabaki juu, na chini yake giza likajaa vinundu vya mwanga, vimetawanyika kama mbingu ya Kaole siku umeme ukikatika.

"Na hizi?"

"Seli zako. Zinalinda kioo kisipate ukungu."

"Miaka yote hii," Hajra alisema, "nimetembea na haya, nikapulizia moto kwa haya, na sikujua." Alitaka kucheka na alitaka kulia. Alimsifu Mola wake kwa sauti, mara ya pili na ya tatu, na daktari akamwacha, hakumharakisha.

*

Kisha ikawa zamu ya Nadhira. Daktari alimtia tone la ganzi katika kila jicho, akamwambia, "Nieleze unavyosikia. Usinifurahishe, sema ukweli."

Nadhira alipepesa kope. 

"Daktari, umezima taa?"

"Sijazima."

"Yamekata," Nadhira alisema.

"Nini kimekata?"

"Maumivu. Yamekata."

Uso wake ulifunguka. Mikunjo iliyokuwa baina ya nyusi ilikwenda mmoja mmoja, mabega yakashuka, midomo ikaachana. Alitazama taa, akalitazama dirisha lililokuwa wazi na jua lote la Dar likiingia, wala hakujikinga. Halafu akageuka, akamtazama Hajra, macho wazi kabisa, kwa muda mrefu.

"Wifi," alisema, "kumbe umefanana na mama hivi."

Hajra alishika ukingo wa kiti. Uso ule wa Nadhira alikuwa ameuona mara ya mwisho siku ya kumtoa bibi harusi nje, alipomshika mkono yeye mwenyewe. Baadaye ukaja ule mwingine, uliokunjamana, na Hajra akauita dharau. Akauita kiburi cha watu wa Pangani. Aliuchukia sokoni na nyumbani, aliuchukia juu ya jeneza la mama yake, na muda wote huo haukuwa dharau. Lilikuwa ni jicho linauma, basi.

Mashine ikasogezwa. Safari hii Hajra hakungoja kugeuziwa kompyuta, alisimama nyuma ya daktari. Sega likaja, likapita. Weusi ukaja. Akazitafuta nyuzi. Kulikuwa na moja, imepinda, inafifia kabla ya kufika popote. Nyingine ilikatika katikati, na pale ilipokatika palikuwa na kifundo kilichovimba. Kushoto patupu. Chini patupu. Hapa na pale viliwaka vitu vyenye miguu miguu, ambavyo daktari alisema ni askari wa mwili, wamekusanyika kwa kuwa kuna vita.

Nadhira alipooneshwa picha mbili, ya Hajra na yake, aliziangalia kama mshonaji anavyoiangalia kazi. "Ya kwangu imeliwa na nondo," alisema.

"Kwa nini kitunguu hakimuumizi na upepo unamuumiza?" Hajra aliuliza. Sauti haikuwa ile ya uani. "Nifahamishe, mwanangu. Nataka kufahamu."

"Waya wa umeme ukikatika, mama, taa haiwaki. Lakini ule waya uliokatika unafanyaje?"

"Unarusha cheche."

"Ndiyo hivyo. Kitunguu kinapiga hodi, habari haifiki, na machozi hayaitwi. Lakini ncha zilizokatika zinarusha cheche zenyewe, upepo ukizigusa tu. Tena tezi zake za machozi nazo zinaonekana zimechoka, tutampima damu tujue chanzo. Huyu hata akilia kwa uchungu, machozi huenda yasitoke."

"Kwa hiyo si mwongo," Hajra alisema.

"Nani, mama?"



*

Nadhira aliomba apewe chupa ile ya ganzi aende nayo. Aliomba mara moja, akaomba tena kwa Mungu na Mtume wake, na daktari alikataa kwa huruma. Dawa ile ikitumiwa kila siku hula jicho lenyewe, inatoboa konea. Matibabu yapo, lakini ni ya polepole: miwani ya kukinga upepo, dawa za kutuliza neva, na matone yatakayotengenezwa kwa maji ya damu yake mwenyewe. Pengine nyuzi zitaota tena, pengine baadhi tu.

Walikaa nje kwenye benchi kungoja vipimo vya damu. Nadhira alivua miwani, akatazama. Aliutazama mwarobaini, jani kwa jani. Alitazama viatu vya bluu vya mtoto, kunguru aliyeiba mkate, rangi ya ukuta iliyobanduka. Alikuwa akila kwa macho kama mtu aliye kwenye daku na adhana inakaribia. Hajra hakumsemesha, alichelea kumpotezea hata kitu kimoja.

"Yanarudi," Nadhira alisema baada ya muda. Akavaa miwani. Baina ya nyusi mkunjo ukajikunja, kisha wa pili. Akavuta mtandio mpaka chini.

Hajra alisogea mbali kidogo, akampigia simu mdogo wake.

"Anaumwa, Mbaruku."

"Nani kasema?"

"Nimeona. Neva za jicho zimekatika. Nimeziona zangu na nimeziona zake."

Sauti za sokoni zilisikika, mtu akinadi samaki. "Dada," Mbaruku alisema, "si wewe uliyeniambia ana moyo mbovu? Ukaniapia. Karibu nimpe mtoto wa watu talaka kwa kauli yako. Leo unaniambia neva. Sasa nimwamini dada yupi?"

Usemi ule ulimpata pale pale ulipostahili kumpata. Mkuki kwa nguruwe, wenyewe wanasema. 

*

Walifika Bagamoyo jua limeanza kupoa. Mbaruku alikuwa sebuleni akiwangojea. Hajra alimpa simu yenye picha zile mbili. Mbaruku aliigeuza simu huku na huku.

"Nyuzi tu," alisema.

"Nyuzi tu," Hajra alikubali. "Ndizo alizotulalamikia kutwa kucha, tukamwambia hazipo."

Mbaruku alikohoa, akairudisha simu. Ni mtu mwema, na mtu mwema akiona jambo limekwisha hupenda liishe haraka. "Haya basi. Kama ni ugonjwa, ni ugonjwa, na mimi nilisema nitatibu, nitatibu. Ya Pangani yamekwisha. Nadhira, nimekusamehe. Nenda kapumzike."

Nadhira alikuwa amefika mlangoni kwake. Alisimama. "Umenisamehe nini?"

Mbaruku alifungua kinywa. Alimtazama dada yake kama kawaida, kuazima neno.

Hajra hakumpa. Alivua viatu, akashuka kwenye kiti, akakaa mkekani miguuni kwa wifi yake mdogo, jambo ambalo katika nyumba ile halikupata kuonekana. "Hana la kukusamehe," alisema. "Na maneno hayakuwa yake, yalitoka kinywani mwangu. Niwie radhi, Nadhira."

"Na wale uliowaambia uani?"

"Nitawapitia mmoja mmoja. Nitawaambia nilisema uongo."

Nadhira aliegemea mlango. "Mama alikata roho mkono wake umo mkononi mwangu, wifi. Nililia mpaka mbavu zikauma. Wewe ulikuwa unatafuta maji usoni." Akashika komeo. "Leo sina jibu. Macho yananiuma. Kesho uniulize tena." Akaingia.

Mbaruku alitaka kusema kwamba radhi haicheleweshwi. Hajra alimnyamazisha kwa mkono.

Asubuhi, alipomaliza sala yake, Hajra alikwenda kwenye mlango ule. Ilikuwa nyumba ya mama yake, na tangu Nadhira aolewe yeye huusukuma tu na kuingia, akisema aliyo nayo. Akasimama nje, akajitanda vizuri.

"Hodi," alisema.

Kimya.

"Hodi."

Kitanda kililia, halafu kikanyamaza. Hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu mwenye adabu hurudi alikotoka. Hajra alisimama na ile ya tatu kinywani, akaiogopa kama hajapata kuogopa kitu.

"Hodi," alisema.

"Karibu," ilijibu sauti ya Nadhira.

Hajra hakuusukuma mlango. Alingoja afunguliwe.